Mwanafunzi wa Zumari

Pale gazetini kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: usimsalimu Bi Jumamosi kabla hajamaliza chai. Waliojaribu walijibiwa, na jibu lenyewe lilimfanya mtu akumbuke ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili wa jengo. Walimwita Bi Jumamosi kwa sababu hadithi zake zilitoka kila Jumamosi, ukurasa wa kumi na nne, kando ya matangazo ya misiba na ya viwanja. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kupiga taipu habari za wengine. Alizipiga mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama za mwashi, na katikati ya habari za wengine akaanza kupenyeza zake. Mhariri wa kwanza alizichapa ili kujaza nafasi. Wa pili alizichapa kwa sababu gazeti la Jumamosi lilikuwa linanunuliwa kuliko la siku nyingine. Waliofuata walizikuta zipo, kama mtu anavyokuta nguzo katikati ya sebule, wakajifunza kupita pembeni.

Hakuwa mtu wa kupendeka, tusidanganyane. Alikuwa na ulimi wa kuchanja na kumbukumbu ya chuki isiyofutika. Msahihishaji mmoja aliwahi kumwondolea sentensi tatu, basi akanuniwa mpaka siku aliyostaafu, na kwenye sherehe ya kumuaga msahihishaji huyo, Bi Jumamosi alikula keki yake huku amempa mgongo. Wanaume wawili waliwahi kumposa. Wa kwanza alipiga mluzi nje ya mlango wakati kaseti ya Zumari inacheza. Wa pili alisema Zumari ni mzuri, lakini wapo wazuri zaidi. Wote wawili walionyeshwa mlango, na wa pili alisahau kofia yake ndani, hakuthubutu kuirudia.

Zumari ndiye aliyekuwa dini yake. Alikuwa mwimbaji maarufu enzi zile, mwembamba, mwenye koo lililotoa sauti ya juu iliyonyooka, ndiyo maana watu wakampa jina la ala. Kila mtu alikuwa na wimbo wake mmoja wa Zumari aliouimba bafuni. Bi Jumamosi hakuwa kila mtu. Alikuwa na kaseti moja, ile ile tangu utotoni, na aliisikiliza peke yake, mlango umefungwa, kila siku kabla ya kuandika. Kaseti ilipoanza kuchakaa akaenda kwa fundi akamwamuru ainakili juu ya nyingine. Ilipokuja mitambo mipya, fundi mwingine akaihamishia kwenye simu, mikwaruzo na yote, maana alimkataza asisafishe hata punje.

Kwingine kokote hakukubali kumsikia. Akiwa kwenye sherehe watu wakapiga Zumari, alichukua mkoba wake akatoka, kwa sababu watu wale walikuwa wanaongea juu ya sauti yake na kutafuna. Redioni alimzima mara tu mtangazaji alipoanza kubwabwaja. Mtu akianza kuimba mbele yake alimkata kauli, "Usiniharibie." Na alipoulizwa na wanafunzi au na waandishi wenzake ni wimbo upi wa Zumari anaoupenda, alisema huo ni wake, na mwenye njaa ajitafutie chake. Mpenzi wa kawaida, wa kucheza na kurukaruka kama wenzake, angekuwa ameusikia wimbo ule mara mia mahali mia. Yeye aliupenda kwa wivu, na wivu ukamziba masikio.

Wimbo wenyewe uliitwa "Mwenye Ufunguo". Katika kaseti yake ulikuwa na beti mbili. Katika wa kwanza, mwanamke yuko ndani anasikia mume anafungua mlango: "Ufunguo umelia mlangoni, bibi simama, mwenye ufunguo karudi." Gitaa linajibu, halafu, bila kupumua, bila hata daraja la kukuvusha, unakuja ubeti mwingine, na yule mwanamke yuko stesheni: "Treni imeita, bibi kapanda, ufunguo kauacha dirishani." Basi. Kati ya mlango na treni hakuna kitu. Zumari hakusema mle ndani kulitokea nini. Alikuachia wewe.

Bi Jumamosi aliusikia hivyo akiwa na miaka saba, katika nyumba ambayo mama yao alikuwa ametoka Alhamisi moja na kikapu, akasema anakwenda kununua nyuzi, hakurudi. Hakuna aliyeeleza. Baba alisema mke akikimbia si habari ya kujadili na watoto. Dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliacha shule akashika sufuria na ufagio, na ukimuuliza habari ya Mama alikupa kazi ya kufanya. Baba akawa hataki tena muziki, redio ya kaseti ikabaki juu ya kabati, na yule mdogo akapanda kiti akaibonyeza. Ufunguo, kisha treni. Akakaa pale sakafuni akajaza mwenyewe lile pengo. Siku moja mume alileta nyoka mfukoni. Siku nyingine mume alikuja na mke mwingine mwenye meno ya dhahabu. Siku nyingine hakusema chochote, alikaa tu, na kule kukaa kwake ndiko kulikokuwa kubaya kuliko nyoka. Kila jioni alikuwa na hadithi mpya, na zote zilimfikisha kwenye treni.

Alipoanza kuandika kwa ajili ya watu, alifanya kinyume: alijua lililotokea, akaliondoa. Sura moja inaishia bibi harusi anafunga kamba za kiatu. Sura inayofuata wanaume watatu wanachimba kaburi, na kiatu kiko mezani kwa polisi. Wasomaji walipandwa na mori. Waliandika, "Mwambieni huyo mama atueleze aliyekufa ni nani, hatulipii mafumbo." Waligombana vibandani na kwa vinyozi, kila mmoja na lake, na Jumamosi iliyofuata walinunua tena gazeti wakiwa wamekasirika. Yeye alizibandika barua za matusi ukutani juu ya meza yake, zilizo chafu zaidi karibu na macho. Akihojiwa, alijibu vilevile miaka yote: "Mimi ni mwanafunzi wa Zumari. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jambo kubwa haliimbwi."

Dada yake hakuwahi kusema lolote juu ya hadithi hizo. Walikuwa bado wanaishi wote wawili katika nyumba ya baba yao, vyumba viwili na ukumbi mwembamba katikati, wazee sasa, kila mmoja na kabati lake na sabuni yake. Dada alikuwa amefanya kazi maisha yote katika chumba cha kufulia cha hospitali, akipiga pasi mashuka na makoti ya madaktari, na hata baada ya kustaafu alipiga pasi nguo za watu wa mtaani kwa sababu mikono yake ilikuwa haijui kukaa. Zumari alimwita "yule mbwekaji". Sauti ikianza tu chumbani kwa mdogo wake, alikwenda jikoni akagonganisha vifuniko vya sufuria kwa makusudi kabisa. Bi Jumamosi aliamini huo ni wivu wa mtu asiye na sikio. Miaka na miaka waligombana juu ya hilo, na siku moja alimwambia mbele ya jirani, "Kazi yako kunyoosha vilivyokunjamana, mambo ya sanaa tuachie sisi." Dada akaendelea kunyunyizia maji shuka.

Sasa akaja mhariri mpya. Kijana, viatu vinang'aa kuliko mawazo, mwenye tabia ya kusema "tujipange" kila alipotaka kumfukuza mtu. Alipima kurasa kwa rula akagundua kwamba ukurasa wa kumi na nne ungeweza kubeba matangazo matupu. Alimwita Bi Jumamosi ofisini, tena kabla ya chai.

"Mama, hadithi yako tunaiheshimu sana," akaanza.

"Ukishaniambia unaniheshimu najua kuna kisu nyuma. Kitoe."

Akakitoa. Gazeti lilikuwa linaandaa hafla ya kumtuza Zumari, aliyekuwa amerudi mjini baada ya kupotea miaka mingi, mzee, mgonjwa wa miguu. Kila mtu alijua Bi Jumamosi ni mwanafunzi wake. Angetoa hotuba. Wadhamini wangekuwepo. Kama hotuba ingewasisimua watu, ukurasa wa kumi na nne ungebaki wake. Kama isingewasisimua, basi wangejipanga.

Alitoka pale damu inamchemka, lakini ndani kwa ndani moyo ulikuwa umemruka. Hotuba si kitu, wala ukurasa si kitu sana. Angekaa mbele ya Zumari. Angemuuliza jambo moja alilotaka kulisikia kinywani mwake kabla mmoja wao hajafa: kwamba lile pengo aliliacha kwa makusudi. Alikuwa amejenga maisha yote juu ya pengo lile, alikuwa amekataa waume na kununa na ndugu kwa ajili yake, na alitaka mwenye mali aseme, ndiyo, nililiacha pale, na wewe ndiye uliyeliona.

Walikwenda Jumanne, yeye na mhariri. Zumari alikuwa amepangishiwa chumba katika nyumba ya wageni, pazia la maua, harufu ya dawa ya kuchua. Walimkuta ametia miguu kwenye beseni, mkwe wake amepiga magoti anamkata kucha. Mzee hakumwangalia mkwe huyo hata mara moja. Alimsukuma kwa goti alipotaka kugeuza mguu.

"Hawa ndio wa gazeti?" akauliza. "Mbona mmeleta bibi kizee? Mlisema mwandishi."

"Ndiye huyu, Mzee," mhariri akasema akicheka.

Bi Jumamosi alilimeza hilo. Hakuwahi kumeza tusi la mtu yeyote tangu azaliwe, lakini hilo alilimeza, likashuka polepole. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akayasema yote aliyokuwa ameyabeba. Alieleza wimbo. Alieleza mlango na treni, na kimya kile cha katikati, na jinsi alivyojifunza kutoka kwake kwamba mwanamke yule anastahili kusitiriwa, asivuliwe mbele ya wasikilizaji. Mkwe aliacha kukata kucha akasikiliza.

"Pengo gani?" Zumari akasema.

"Kati ya ubeti wa kwanza na wa mwisho, Mzee. Pale ulipoacha."

"Mimi nimeacha nini? Sijawahi kuacha ubeti mimi. Nilipwe kwa wimbo nusu?" Akamgeukia mhariri. "Huyu anazungumza nini?"

Halafu akaelewa, na kuelewa kwake kukampendeza. Akaanza kucheka, mabega yanaruka, maji ya beseni yanamwagika sakafuni. "Kaseti yako mbovu, mama. Umeruka patamu." Akafumba macho, akaimba, na koo lilikuwa bado lipo, limechakaa ila limenyooka vilevile: "Nikavua mkanda nikamsomesha, akasoma kwa sauti mtaa ukasikia." Akapiga paja. "Na hapo wapiga gitaa wote wanacheka, kha kha kha, tulirekodi kicheko chenyewe studio. Ndiyo wimbo huo. Watu waliununua kwa ajili ya hapo."

"Unampiga," Bi Jumamosi akasema.

"Namsomesha." Akafumbua jicho moja. "Wewe hukusomeshwa, ndiyo maana umekuwa mkali hivyo."

Mhariri alikuwa anaandika haraka haraka. Njiani kurudi alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. "Hii sasa ndiyo hotuba," alisema. "Mwandishi aliyefundishwa na kaseti mbovu. Watu watavunjika mbavu. Simulia hivyo hivyo, mama, ukurasa ni wako."

Bi Jumamosi alimwambia asimamishe gari, akashuka, akatembea.

Alifika nyumbani viatu mkononi. Dada yake alikuwa ukumbini, meza ya pasi imefunguliwa, lundo la mashati ya watu mbele yake. Bi Jumamosi hakusalimu. Alikwenda chumbani, akaitoa kaseti ya kwanza kabisa kutoka kwenye soksi alimoihifadhi, akaingiza kalamu akazungusha utepe mpaka mahali pale, akausogeza dirishani. Macho yake hayakuwa ya kuona vitu vidogo tena, ila aliuona. Utepe ulikuwa umekatwa kwa wembe, ukaungwa kwa rangi ya kucha, nyekundu. Miaka yote ile alikuwa ameishika kama yai, hakuwahi kuufungua hata kidogo ili asiuguse.

Akatoka nayo ukumbini. "Nani alikata hii?"

Dada aliitazama kaseti, akamtazama yeye, akaisimamisha pasi kwa kisigino chake. "Mimi."

"Wewe."

"Kwa wembe wa Baba. Rangi ilikuwa ya mke wa fundi saa, yule aliyekuwa anapanga nyumba ya pili. Ulitaka nani aikate, Zumari?"

"Na umenyamaza miaka yote hii! Umeniacha nasimama mbele ya watu nasema nimefundishwa na yule, yule..."

"Uliniuliza? Kila nikigusa habari ya mbwekaji wako unanitolea macho. Siku moja nilitaka kukwambia, ukaniambia kazi yangu kunyoosha vilivyokunjamana. Nikanyoosha."

Bi Jumamosi akakaa kwenye kiti cha Baba, kile ambacho hakuna aliyekikalia. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa haina pa kukaa, inazunguka tu. Ikiwa Zumari hakuacha kitu, basi yeye alijifunza kwa nani? Jibu lilikuwa mbele yake limefunga leso kichwani, linalainisha kola ya mtu. Jambo lile likamwingia taratibu na kwa uchungu: sauti aliyoifuata maisha yake yote ilikuwa ya yule mzee wa kwenye beseni, lakini kimya kilikuwa cha huyu.

"Ulimficha Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Asiusikie ule ubeti. Dada, mimi sikujua. Nataka niseme mbele ya watu Jumamosi kwamba wewe ndiye..."

"Usinitaje."

"Nataka kukushukuru."

"Umemshukuru mwanamume yule miaka yote magazetini. Mimi hujanishukuru hata kwa chai ya asubuhi. Usianze leo, utafanya vibaya." Akachukua pasi. "Na kuhusu Mama hujui unachosema. Toka hapo kwenye kiti."

Akatoka hapo kwenye kiti. Siku zilizobaki waliishi kama wapangaji, wakipishana ukumbini bila kugusana mabega.

Lakini Bi Jumamosi alikuwa amepata pa kuiweka hasira yake. Hakuandika hotuba ya kuchekesha. Alipanga kusimama mbele ya wadhamini na wake zao, auseme ubeti wa pili bila gitaa, bila kicheko cha studio, neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesoma taarifa ya polisi. Aliamini kwamba maneno yale yakivuliwa muziki, watu watayaona yalivyo, watamgeukia yule mzee, na aibu itamshukia palepale kwenye kiti chake cha heshima. Ukurasa wangeuchukua. Aliuaga kimoyomoyo, na ulimuuma kuliko alivyotarajia, lakini aliuaga.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Meza zenye vitambaa vyeupe, maua ya plastiki, wapiga gitaa watatu wazee wameketi nyuma ya Zumari kama wajomba wa bwana harusi. Mhariri alimkaribisha kwa maneno mengi. Bi Jumamosi akapanda jukwaani, akaurekebisha mkono wa kipaza sauti, hakusalimu meza kuu.

"Nimesema maisha yangu yote kwamba huyu ndiye mwalimu wangu," akasema. "Leo nitawasomea somo lenyewe. Sitaimba." Akawatazama mpaka wakanyamaza. "Nikavua mkanda, nikamsomesha. Akasoma kwa sauti, mtaa ukasikia."

Halafu mtu wa meza ya nyuma akaupokea, akauimba. Meza ya pili ikafuata. Mpiga gitaa mmoja akagusa nyuzi, na ukumbi mzima ukalipuka, wanaume na wanawake, wadhamini na wahudumu wenye sinia mkononi, wote wanaujua, wote wanauimba kwa furaha ya watu waliorudishiwa ujana wao. Walipofika kwenye kicheko walicheka pamoja, kha kha kha, kwa mpigo. Mke wa mdhamini mkuu alikunja leso yake akawa anampiga nayo mumewe begani huku machozi ya raha yanamtoka. Zumari akasaidiwa kusimama. Akavua mkanda wa suruali yake, akauzungusha hewani, na watu wakashangilia mpaka madirisha yakalia.

Bi Jumamosi alibaki ameshika kipaza sauti. Aliwatazama mmoja mmoja akitafuta uso uliokunjwa, asione. Mtu pekee aliyekuwa hajui wimbo ule katika ukumbi ule alikuwa yeye. Basi akasubiri watulie, na walipotulia akaendelea, kwa sababu hakujua kufanya kingine: "Treni imeita, bibi kapanda. Ufunguo kauacha dirishani."

Hakuna aliyeupokea. Wapiga gitaa walitazamana. Watu wakaanza kukaa, wakavuta viti, wakaitana vinywaji. Zumari akasogea kwenye kipaza sauti cha pili huku anafunga mkanda wake.

"Hiyo nayo ni yangu?" akauliza.

Wakacheka tena. Mhariri akapanda mbio, akampigia Bi Jumamosi makofi, akamnong'oneza sikioni, "Umewaweza, mama. Ukurasa ni wako." Bi Jumamosi akamwachia kipaza sauti kifuani kama mtu anayemkabidhi mwenzake takataka, akashuka.

Alimkuta dada yake palepale ukumbini kwao, na pasi, na mashati ya watu. Jua lilikuwa linaingia kwa mlango wa nyuma. Bi Jumamosi aliweka mkoba chini akasimama.

"Walicheka?" dada akauliza bila kuinua kichwa.

"Waliimba. Wote. Wanawake pia."

"Nilijua."

"Ungeniambia nisiende."

"Ungenisikia?"

Bi Jumamosi akavua viatu. "Wa mwisho hawaujui, Dada. Ule wa treni. Hata mmoja hakuupokea. Hata yeye mwenyewe ameusahau."

Pasi ilisimama juu ya shati, ikakaa mahali pamoja kwa muda usiofaa, mpaka dada akakumbuka akainyanyua. Palikuwa pamebaki alama ya kahawia. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu, na sasa aliitazama alama ile kama haimhusu.

"Wangeujuaje," akasema. "Kila nyumba walikuwa wanaishia pale pale. Baba alikuwa akifika kwenye kicheko anarudisha nyuma. Anacheza, anacheka, anamtazama Mama, anarudisha. Wewe nilikuwa nakutoa nje, nakutuma kiberiti. Siku moja alisinzia redio inaendelea, ndiyo nikausikia wa treni. Mama alikuwa bafuni. Mama hakuwahi kuusikia."

"Kwa hiyo ukaukata wa pili ili usimuumize."

"Huo wa pili Mama alikuwa anaujua kwa mwili wake, ningemficha nini?" Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alimtazama mdogo wake usoni, na haukuwa uso wa mtu mpole. "Niliukata ili afike kwenye treni. Baba akiwa kazini, mchana, Mama anapiga pasi hapa hapa, nikamwekea. Nikakaa pale mlangoni nikamwangalia anasikiliza. Akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akasikiliza tena."

Bi Jumamosi alikuwa ameshika viatu vyake kwa mikono miwili.

"Hiyo ilikuwa Jumatano," dada akasema. "Kesho yake akachukua kikapu. Nilidhani tutapanda wote watatu."